Roger Maris hakubebwa na mechi nane

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa michezo wiki iliyopita ulimtaja mchezaji wa besiboli Aaron Judge wa timu ya New York Yankees, aliyevunja rekodi ya Ligi ya Marekani (American League, moja ya ligi kuu mbili za huko) mwaka 2022 kwa mapigo 62 ya kuvuka uzio katika msimu mmoja. Mwandishi akaongeza kwamba Roger Maris, aliyekuwa na rekodi hiyo kabla yake kwa mapigo 61 ya mwaka 1961, alibebwa na mechi nane za ziada. Naomba nafasi nimtetee marehemu.

Msimu ule wa 1961 niliufuata nikiwa hapa hapa Unguja. Ami yangu alikuwa mpishi katika kituo cha Wamarekani cha Tunguu, kile cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, nami nikitoka skuli nikenda kumsaidia kumenya viazi na kuosha masufuria. Usiku mafundi wakikaa na redio ya masafa mafupi kusikiliza besiboli ya kwao. Nilikuwa nikiona kriketi Mnazi Mmoja, kwa hiyo haikunichukua muda kuelewa: mpira ukipigwa ukavuka uzio bila kugusa chini, mpigaji anazunguka vituo vyote mpaka alipoanzia.

Rekodi ilikuwa ya Babe Ruth, mapigo 60, mwaka 1927. Waliifukuzia wawili wa timu moja ya Yankees, Maris na Mickey Mantle. Mantle ndiye kipenzi cha watu. Alipougua akaishia 54, mapenzi hayo hayakuhamia kwa Maris; magazeti yalimwandama hata nywele zikawa zinamnyonyoka. Tunguu nako wote walikuwa wa Mantle, isipokuwa fundi mmoja mnyamavu. Mimi nikawa upande wake.

Sasa hizo mechi nane. Ligi ya Marekani iliongeza timu mbili mwaka huo, ratiba ikatoka mechi 154 ikawa 162. Ford Frick, mkuu wa besiboli, ambaye zamani alikuwa akimwandikia Ruth makala, akatangaza mwezi Julai kwamba atakayempita Ruth baada ya mechi ya 154, rekodi yake iandikwe kando, mbali na ya Ruth. Julai, msimu uko katikati! Hukumu kama hiyo hutolewa kabla ya msimu kuanza, au haitolewi kabisa.

Na hesabu yenyewe inamkataa Frick. Ruth alisimama kupiga mara 691 mwaka 1927, Maris 698. Mara saba tu kwa msimu mzima! Tena Ruth hakurushiwa hata mpira mmoja wa ligi na mrushaji mweusi, kwa kuwa weusi walifungiwa nje ya ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947. Maris aliwakabili akina Mudcat Grant wa Cleveland. Mbona hilo halikuandikwa kando ya jina la Ruth?

Pigo la 61 lilikuja tarehe 1 Oktoba, mechi ya mwisho, mrushaji akiwa Tracy Stallard wa Boston. Yankees walishinda 1-0, kwa pigo hilo hilo. Kwetu ulikuwa usiku, na fundi yule mnyamavu aliinuka akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Mpira ulidakwa na Sal Durante, dereva wa lori wa miaka 19, akataka kumpa Maris bure. Maris akamwambia auuze ajipatie fedha, na kijana akapata dola 5,000. Maris huyo ndiye mtu waliyemwita mkorofi magazetini.

Besiboli wenyewe waliufuta utengano huo wa rekodi mwaka 1991, Maris akiwa amefariki tangu 1985. Tafadhali mwambie mwandishi wako, akilitaja tena jina hilo, aandike 61 na asiongeze neno.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tunguu, Unguja