"Escalate" si kuongezeka tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo kuhusu kitenzi cha Kiingereza "escalate", ambacho katika habari zinazotafsiriwa hugeuzwa "kuongezeka" karibu kila kinapotokea.

Kuongezeka ni habari ya idadi au kiasi. Tukisoma kwamba "mapigano yaliongezeka usiku", hatujui kama yalikuwa mengi zaidi, yalienea kwingine, au yalikuwa makali kuliko jana palepale yalipoanzia. "Escalate" hubeba zaidi ukali huo, tena ukali uliopanda hatua kwa hatua. Asili yake yaonyesha hivyo: limetokana na jina la biashara la ngazi za umeme, ambazo kampuni ya Otis ilizionyesha Paris mwaka 1900, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya ngazi. Kitenzi chenyewe kilizuka baadaye kwa maana ya kupanda ngazi hizo, na ni mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa hofu ya silaha za nyuklia, kilipoanza kutumika kwa vita vidogo vinavyokua hadi kuwa vikubwa. Vita vya Vietnam vikakieneza.

Maneno ya kulibeba wazo hilo hatuyakosi. Mapigano hupamba moto, mzozo huchacha, uhasama hukolea, mvutano hushtadi.

Linaloniuma hasa ni suala la mtendaji. Kiingereza hutumia kitenzi hichohicho mzozo unapokua wenyewe na pale mtu anapoukuza, lakini Kiswahili hakimwachii mfasiri nafasi hiyo. Ni lazima achague. Akiandika "mzozo umepamba moto", hajamtaja yeyote. Akiandika kwamba upande fulani "umechochea mzozo", ametaja mhusika na pia amemhukumu nia, ilhali "umezidisha mzozo" humtaja bila kumbebesha hukumu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mfasiri hana budi kutazama kama kitenzi kile kina yambwa, yaani kitu kinachotendwa, au hakina. Nimeona wasiolaumiwa wakilaumiwa kwa kosa hili, na nimeona pia, mara nyingi zaidi, walioshambulia wakifichwa nyuma ya "hali imeongezeka", kana kwamba makombora hunyesha kama mvua. La pili naliona baya zaidi, kwa sababu msomaji hana namna ya kuligundua.

Kuna pia maana ya ofisini, ya kupeleka shauri kwa wakubwa. Niliwahi kuilalamikia kampuni moja nikajibiwa kwa ujumbe kwamba "malalamiko yako yamezidishwa", nami nikadhani naambiwa nimetia chumvi. Walikusudia kusema yamefikishwa ngazi ya juu, na hapo Kiswahili kina bahati ya pekee, kwani ngazi yetu ni ile ya kupandia na ni cheo pia, sawa kabisa na picha iliyomo katika neno la asili.

Ninaomba wahariri wa habari za kimataifa, wanapokutana na "kuongezeka" mbele ya vita, mzozo au mvutano, warudi kwenye habari ya awali na kuuliza ni nini kilichopanda, na ni nani aliyekipandisha.

Wako,
Msomaji na mfasiri