Jina la dada yako litaandikwa

Mwanangu,

Salamu zako na za mkamwana zimefika. Huku Matamba sisi ni wazima, ila baridi ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe. Wiki iliyopita sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeunguza viazi vyote vya vinyungu vya chini, bustani zetu za bondeni. Pareto ya juu, yale maua ya dawa ya wadudu, haikuguswa, maana baridi huteremka ikalala bondeni.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli wapima ardhi wamefika kijijini, na kama ni kweli nimeandikisha jina la dada yako. Ni kweli yote mawili. Nimeona nikuandikie, kwa sababu siku ile tulipandishiana sauti, na jambo hili halitaki sauti.

Shamba la juu la pareto na nusu ya vinyungu hati yake ya hakimiliki ya kimila itatoka kwa jina la dada yako. Shamba la barabarani na nusu nyingine ya vinyungu ni vyako. Nyumba ni ya mama yako.

Ulisema mtoto wa kike ataolewa na ardhi itahamia ukoo mwingine. Neno hilo waliambiwa wengi kabla yake. Aliambiwa shangazi yako aliporudi mjane na watoto, miaka ile UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu huku Makete. Kwa mumewe alifukuzwa kwamba ni mgeni. Alipofika kwao, wazee wakasema binti hana ardhi kwa baba yake. Akalima vibarua kwenye mashamba ya watu mpaka mgongo ukamkatalia, naye amezaliwa kwenye mlima huu huu. Wewe ulikuwa mdogo, ukienda kwake kunywa uji. Sitaki binti yangu aje asimame mlangoni kwa kaka yake akiomba mahali pa kupanda viazi, hata kama kaka huyo ni wewe na moyo wako naujua ni mwema. Wewe nawe una wana, na wana wako hawatakuwa wewe.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Tulisomewa kwenye mkutano wa kijiji, na baadhi ya wazee wenzangu waliinamisha vichwa.

Lakini hata sheria isingekuwepo, ningefanya hivi. Wewe uliteremka zile kona hamsini na saba za barabara ya mlimani kwenda Chimala, ukaendelea hadi Dar, nasi tukakubariki. Sisi Wakinga kwenda kutafuta biashara si jambo geni, na bati tulizoezekea ni jasho lako. Sijasahau. Dada yako naye alibaki na mlima. Ule mteremko uliouacha na korongo katikati ameukinga kwa matuta, ukingoni kapanda majani ya ng'ombe, na sasa mvua ikinyesha maji hayashuki tena na udongo wetu.

Na pareto ungemwona anavyoichuma! Anachukua ua lililofunguka tu, lililofumba analiacha hadi mzunguko mwingine. Kilo moja kavu inataka kilo nne mbichi au zaidi, na ua moja lilivyo jepesi unajua. Akishachuma anayatandaza membamba kwenye turubai, jicho moja likiwa upande wa uwanda wa juu wa Kitulo, kwa sababu wingu la kule halipigi hodi. Maua yakirundikwa mabichi yanapata joto, sumu inapungua, na mnunuzi hushusha bei.

Msimu wa viazi wachuuzi walikuja wakitaka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kama kawaida yao. Mimi nilishazoea kukubali. Yeye akaweka mizani mlangoni, akasema gunia ni kilo mia moja, kinachozidi kinalipwa. Lori la kwanza likaondoka tupu. Mama yako alilia, akaona viazi vitaozea ghalani. Jioni likaja lingine, dereva akanung'unika weee, mwisho akapima. Sasa majirani huja kuazima mizani ile.

Wapima watarudi, na siku hiyo wenye mashamba tunayopakana nao wote watasimama mpakani waone alama zinawekwa wapi. Nataka uwepo. Ukishindwa, nitumie picha yako ndogo na namba ya kitambulisho cha taifa ili fomu yako isikwame. Ila kabla ya hayo mpigie dada yako simu wewe mwenyewe, asije akasikia kwa watu yale uliyoniambia mimi. Mpigie mchana akiwa kwenye pareto. Huku nyumbani mtandao haushiki.

Ni mimi baba yako.