Dada, kuhusu Idi na stelingi wa Taibach

Port Talbot, Wales
Novemba 2025

Assalaam aleikum Dada. Shikamoo.

Natumaini goti limepoa, na ile dawa ya kuchua niliyompa Mwajuma aje nayo ilikufikia wewe, haikuishia njiani kwa Mama Saumu. Mimi mzima. Baridi imeanza lakini huu ni mwaka wa nne, nimeizoea, kwa hiyo acha kuniuliza habari za soksi mbele ya kundi zima la familia.

Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, zote mbili nikiwa ndani ya gari langu nasubiri saa ya kuingia kazini. Nimesema gari langu. Leseni nimeipata mtihani wa kwanza, na kuna wenyeji wa hapa wanarudia mara tatu. Mfikishie Mjomba habari hiyo kabla ya mengine yote.

Sasa mengine. Nimeelewa hivi: Idi anataka kuacha umeme pale VETA, anataka milioni moja na laki mbili za kamera, aende Dar akacheze filamu. Mjomba kaapa mbele ya watu kwamba waigizaji ni walevi na wahuni watupu, hajamwona hata mmoja aliyezeeka na heshima yake. (Na aliyelia kama mtoto kwenye msiba wa Mzee Majuto mwaka 2018 alikuwa nani? Si tulikwenda naye?) Na wewe badala ya kukata shauri umenitupia mimi mpira: "Wewe uko kwa wazungu, tuambie, hiyo ni kazi ya mtu?"

Dada, umemuuliza mtu anayekaa kwenye jibu lenyewe. Mji huu ni mdogo kuliko Tanga kwa mbali, kiwanda cha chuma upande mmoja na bahari isiyoogeleka upande wa pili, lakini unatoa waigizaji kama Muheza inavyotoa machungwa. Anthony Hopkins kazaliwa hapa. Michael Sheen kakulia hapa. Ila wazee wa hapa ukiwatajia uigizaji wanaanza na mmoja, Richard Burton, na tarehe 10 mwezi huu imetimia miaka 100 tangu azaliwe.

Na Mjomba anamjua! Ile picha anayotusimulia kila Idd, ya makomando waliovaa nguo za Kijerumani, wanapigana juu ya kibanda kinachoning'inia kwenye waya kati ya milima, mpaka yeye anainuka mkekani na mwiko mkononi eti ndiyo shoka, jina lake ni Where Eagles Dare, ya mwaka 1968. Miaka yote anatuambia stelingi ni Mmarekani. Mmarekani ni yule mwenzake mrefu asiyesema sana, Clint Eastwood. Meja mwenyewe, mwenye ile sauti, ni mtu wa hapa. Wala usiseme Mwingereza. Neno hilo nililitamka mbele ya mzee ninayemtunza, siku ile chai sikuonjeshwa.

Jumapili moja nikaendesha mpaka kijijini kwao, Pontrhydyfen (usijaribu kulisoma kwa sauti, utang'ata ulimi). Bonde limebanwa na vilima, mto Afan unapita chini, juu yake daraja la mawe lenye matao makubwa. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyeipenda glasi. Watoto kumi na watatu, yeye wa kumi na mbili, jina lake Richard Jenkins. Mwaka 1927, hata miaka miwili hajatimiza, mama yao akafariki baada ya kujifungua wa kumi na tatu. Dada yake mkubwa, Cecilia, wakimwita Cis, ameolewa tayari, akambeba akaenda naye kwa mumewe Taibach, mtaa huu huu ninaonunua mkate. Huyo ndiye aliyemlea.

Nilipofika hapo nikarudi garini nikakaa kidogo. Tuyaache hayo, goti lako lisije likaanza upya.

Kwao walisema Kiwelshi. Kiingereza alikikuta huko Taibach, kama sisi tulivyokikuta shuleni, na bado ndiye Waingereza wenyewe walikuja kumsikiliza akikisema. Aliacha shule akauza nguo dukani, akarudishwa, na hapo ndipo anapoingia mwalimu mmoja, Philip Burton. Huyu alimchukua akae naye, akawa anampeleka mlimani kusoma Shakespeare mpaka sauti ifike mbali bila kupiga kelele. Akataka kumwasili kabisa kisheria, sheria ikataka wapishane miaka 21, na wao walipungukiwa siku chache tu. Basi akawa mlezi wake, na kijana akaacha jina la baba akachukua la mwalimu. Hebu fikiria hilo litokee kwetu. Mjomba angeitisha kikao mpaka Pangani.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia barua nzima juu ya mtu ambaye mwaka jana sikuwa na habari naye.

Mzee wangu huyu alikuwa kiwandani tangu ujana wake. Siku walipozima tanuri la mwisho, Septemba 2024, aliniomba nimgeuzie kiti kielekee dirishani, akakaa hivyo mpaka giza. Hasemi sana. Lakini ana santuri moja, mchezo wa redio wa mshairi wa Wales, Dylan Thomas, BBC waliutoa 1954, na Burton ndiye msimulizi. Nilikuwa namlisha uji wa shayiri, kaniashiria kwa kidole niiweke. Nikaiweka nikarudi na kijiko. Ikaanza ile sauti, taratibu, usiku wa mji mdogo wa pwani, watu wamelala. Nusu ya maneno sikuyashika. Dada, kijiko kilibaki hewani. Uji ukapoa, mzee kafumba macho, mimi nimesimama kama mlinzi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitunyamazisha wakati wa Pwagu na Pwaguzi, hata sufuria isigongwe? Ni hivyo, ila huyu hachekeshi. Ni sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo chini yake, na kila neno anaachana nalo likiwa limeshatua.

Kuanzia siku hiyo nimetazama picha zake zote nilizozipata. Jioni zangu nyingi hazina kazi.

Hapa mjini ubishi ni mmoja. Mzee anasema hajatokea mwingine. Binti yake, kila akija Jumamosi, anasema yule aliharibu kipaji: whisky, mkewe muigizaji Elizabeth Taylor, na picha za ovyo kwa ajili ya hela. Wanabishana mbele yangu nikikunja shuka, na mwisho wananigeukia mimi, mtu wa Tanga, nitoe hukumu. Nikatoa.

Ushahidi wa binti ni mzito, siukatai. Mwaka 1964 alicheza Hamlet, mchezo wa Shakespeare, kule New York, mara zaidi ya 130, watu wanajazana barabarani. Miaka ya 70 unamkuta kwenye picha ya mashetani, sehemu ya pili ya The Exorcist, anayatamka maneno ya kipuuzi kwa sauti ile ile ya Hamlet. Inatia aibu, ni kama kumkuta imamu anapigia debe daladala. Oscar aliteuliwa mara saba, hakuipata hata moja. Kwa picha ya 1966, Who's Afraid of Virginia Woolf?, waliteuliwa wote wawili, mke na mume. Mke akapewa. Na Taylor huyo alimwoa 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena 1975, safari hii Kasane, Botswana, kwenye mto Chobe, na mwaka uliofuata wakaachana tena. Katikati hapo alimnunulia almasi ya karati 69 kwa zaidi ya dola milioni moja. Mjomba akisikia hivyo atasema si mliona.

Lakini nilivyowaambia ni hivi. Mnampima kwa kamera, na kamera haikuwa kipimo chake. Mtazame kwenye The Robe, ya 1953: kasimama kama mlingoti, macho yametoka, anahutubia. Mwili wake haukujua la kufanya picha ikiwa maneno ni maji. Mpe maneno yenye uzito, uone. Hiyo ya 1966, anacheza mwalimu wa chuo aliyechoka na ndoa, mabega yameshuka, sweta limemkaa kizee, ile fahari yote kaiweka chini. Bora zaidi ni The Spy Who Came in from the Cold, ya 1965. Jasusi aliyechakaa, koti la mvua, hapazi sauti karibu picha nzima. Mwenye sauti kubwa kuliko wote, na anainyima. Mimi pale ndipo nilipomvulia kofia. Kipaji chake kilikuwa cha sikio, na sikio halikuwahi kudanganywa naye, tangu redio ya 1954 mpaka kifo kilipomkuta Uswisi, Agosti 1984, umri miaka 58.

Binti akasema, "Sasa hizo picha za ovyo?" Nikamuuliza, "Unajua alikuwa na ndugu wangapi?" Akacheka. Yule alikuwa akiwasaidia kwao, na nyumba ya dada yake hakuisahau. Sisemi kila picha mbovu ilikuwa ya kodi ya nyumba ya mtu. Almasi ile haikuwa ya ndugu yeyote. Ila mtu anayelisha wengi hachagui kazi kama anayejilisha mwenyewe. Hilo mimi nalijua vizuri na sitaki kulirefusha.

Kitu kimoja chake kimenikera. Baba yake alipofariki, 1957, hakwenda kumzika. Nilikisoma hicho usiku nikamkasirikia mzungu aliyekwishakufa zamani, nikazima simu. Mimi sikuja kumzika Baba kwa sababu ya viza. Unajua. Watu wote wanajua, au nilidhani wanajua, mpaka nilivyosikia Mama Saumu alisema nini siku ya arobaini.

Na kwa kuwa tumefika kwa Baba: bati. Nilituma pesa ya bati hamsini, Machi, kwa namba ya Mjomba kwa sababu ya heshima. Picha aliyonitumia ni ya bati kumi na nane, na nyuma yake bodaboda mpya ina nailoni kwenye kiti bado. Sijauliza. Nimekaa miezi minane sijauliza. Sitauliza sasa pia, wewe tu ndiye unayesoma hapa, lakini mvua za vuli zikinyesha chumbani kwa Baba nataka ajue kwamba nilihesabu, na picha niliikuza.

Haya, Idi. Jibu langu ni kwamba ni kazi ya mtu. Ulevi uko kila kazi. Fundi makenika wa pale kona si muigizaji. Ila kamera sinunui. Burton hakununuliwa kamera. Alipata dada, akapata mwalimu, akapandishwa mlimani kwenye upepo. Dada anaye. Mwalimu atafutwe Bagamoyo: pale TaSUBa wanafundisha sanaa za jukwaa kwa mpango, kuna mitihani, kuna cheti. Amalize kwanza umeme, umebaki muhula mmoja, asiuache, hata jukwaani taa zinataka fundi. Akimaliza aombe nafasi Bagamoyo, na ada nalipa mimi moja kwa moja chuoni, haipiti kwa mtu. Nimeshakuwa kiongozi wa zamu tangu Agosti, naimudu, mradi yasizuke mengine.

Kabla ya hapo anifanyie jambo. Achukue ukurasa wowote, hata gazeti la kufungia maandazi, ausome kwa sauti anirekodie. Asiigize wala asiweke muziki. Nataka nisikie kama kuna kitu. Nitamsikilizisha na Mzee. Hajui Kiswahili hata neno, na hapo ndipo atakapokuwa hakimu mzuri.

Wewe usibebe tena maji mwenyewe. Mwambie Idi, anayetaka kuwa stelingi aanze na ndoo. Achari ya embe ukipata mtu wa kuja nayo ifunge vizuri, ile ya mwisho ilimwagikia kanzu, lakini niliila hivyo hivyo. Siku hizi nikifunga macho naona feri la Deep Sea asubuhi, dagaa wanaanikwa, na sikumbuki tena harufu yake vizuri. Inanijia nusu.

Wasalimie wote, na Mama Saumu.

Ndugu yako

Tena: nimetuma laki tatu na nusu leo asubuhi, kwa namba yako, si ya Mjomba. Laki moja ya hospitali ya goti, hiyo isiguswe. Ya kutolea nimeongeza.