Somo, usimimine dawa ya kuziba kabla hujalaza boksi chini ya gari

Iringa, Jumapili usiku

Kwako Somo,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, ila baridi ya Juni imetukamata, tunalala na mablanketi mawili. Mama watoto anakusalimu wewe na shemeji, na bi harusi mwenyewe anauliza kila siku mmefikia wapi na safari.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Pale uliposema gari lako linavuja maji na fundi amekwambia "tia dawa tu, itaziba, utafika," nilishtuka. Nilitaka kukupigia, lakini najua simu yetu ingeishia kwenye michango na kamati. Nimeona heri nikuandikie, usome pole pole ukiwa umesimama kando ya gari lenyewe. Unakuja harusini kutoka Morogoro na shemeji, watoto wanne na mama yetu mkubwa, na mbele yenu kuna mlima mkali wa Kitonga. Siwezi kunyamaza.

Hujawahi kunisikia nikisimulia vizuri yaliyonipata miaka mitatu iliyopita. Niliona matone chini ya gari kila asubuhi, upande wa rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa. Nikaenda dukani, nikauziwa chupa ya dawa ya kuziba. Kwa hofu nikanunua mbili, nikamimina zote. Gari langu linachukua kama lita sita za maji, na ile chupa moja ilikuwa imeandikwa nyuma kwamba inatosha lita kumi na mbili. Maandishi yale niliyasoma baadaye, chupa tupu ikiwa mkononi.

Matone yalikatika siku ile ile. Nilifurahi, Somo, na nikawashauri watu watatu wanunue. Wiki ya tatu hita ikaanza kutoa upepo wa baridi. Huku kwetu asubuhi hita si anasa, kwa hiyo niliona mapema, lakini sikuelewa maana yake. Baadaye mshale wa joto ukawa unapanda kila nikipata mlima. Mwisho wake ni siku niliyokuwa natoka Dar nikiwa nimepakia mizigo: katikati ya Kitonga gari likachemsha, mvuke ukajaa mbele ya kioo, na sikuwa na pa kuegesha maana malori yalikuwa nyuma yangu. Nikalilazimisha mpaka nikapata upenyo. Zile dakika chache ndizo zilizopinda silinda hedi, kile kichwa cha injini, na kuunguza gasketi iliyo chini yake.

Fundi aliyenitengenezea ni mtu mzima, hana maneno mengi. Aliifungua rejeta, akang'oa lile tangi la plastiki la juu, akaniita nitazame. Vile vimirija vya ndani, vyembamba kama ukingo wa sarafu, vilikuwa vimejaa kitu cha kahawia kama uji wa muhogo uliogandia kwenye sufuria. Alichokonoa kwa waya, kikatoka vipande vipande, na ndani yake vikimetameta vijichembe vya bati. Kisha akanionesha palipokuwa panavuja tangu mwanzo. Ilikuwa klipu ya mpira wa juu. Imelegea. Akachukua bisibisi, akazungusha nusu mzunguko, akaniangalia, hakusema kitu.

Ndiyo maana nakuomba kwanza ujue panapovuja. Usiku wa leo laza boksi safi la karatasi, ulilolikunjua, chini ya injini, asubuhi litazame. Maji maangavu yasiyo na rangi wala harufu, upande wa abiria, mara nyingi ni ya kiyoyozi, hayo yaache. Yenye rangi ya kijani au nyekundu na harufu tamu tamu ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. (Ikimwagika ioshe kwa maji mengi. Utamu wake huwavuta watoto na mbwa, na ni sumu kali.) Kisha fuata juu kutoka lilipo tone: mipira yote, klipu zote, maungio ya rejeta pale bati linapokutana na plastiki. Pitisha mkono kwenye pampu ya maji. Ina kitundu kidogo chini yake, kimewekwa makusudi na walioitengeneza, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo ukayaone. Ukikuta alama ya chumvi chumvi imekaukia kwenye kitundu hicho, pampu imekwisha, na hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha.

Kapeti la mbele kwa abiria likiwa na unyevu, hita ndiyo inayovuja. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikishapata moto, au maji ya rejeta yanatoa mapovu mfululizo, basi hiyo ni gasketi imeungua. Hapo usitoke nyumbani kabisa, Somo. Tutakutafutia nafasi kwenye basi.

Nikwambie na namna hii dawa inavyofanya kazi, maana nilipoelewa ndipo hasira zangu nayo zilipopungua. Nyingi zina nyuzinyuzi na vijichembe vinavyoelea kwenye maji. Yanapopita kwenye tundu, maji yanatoka nje, nyuzi zinakwama mlangoni, zinashonana, mwisho zinafunga, kama machicha yanavyoziba kifumbu ukikamua nazi ya pili bila kukikung'uta. Tatizo ni kwamba dawa haijui lipi ni tundu la kuvuja na ipi ni njia halali ya maji. Mahali popote pembamba, penye kutu na magadi ya maji ya kisima tunayojazia miaka yote, inakaa. Hita ndiyo inayoathirika mapema kwa sababu mirija yake ni myembamba.

Ipo na aina nyingine, ile wanayoiuza kwa ajili ya gasketi. Hiyo mara nyingi ni silikati ya sodiamu, inayoganda kama kioo ikipata joto kali. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwalipa watu waache magari yao ya zamani yanayokunywa mafuta, na ili injini zile zisirudi barabarani, walimwaga oili, wakatia silikati hiyo hiyo mahali pa oili, wakawasha mpaka injini ikakamata. Magari zaidi ya 670,000 yaliishia hivyo. Kwenye maji haifanyi ukatili ule, lakini nikifikiria ikipenya kwenye oili kupitia gasketi iliyopasuka, mimi siigusi.

Usidhani nakukataza moja kwa moja. Mwaka 1958 nyambizi ya nyuklia ya Marekani, Nautilus, ilikuwa inavuja kwenye mtambo wake wa kupoozea mvuke, na mafundi walikuwa wameshindwa kupata ufa. Nahodha William Anderson aliwatuma mabaharia Seattle, wamevaa kiraia, wakanunue makopo ya dawa ya rejeta kwenye vituo vya mafuta. Ikaziba. Agosti 3 mwaka ule ule wakapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Tundu dogo, mahali pasipofikika, safari isiyongoja: hapo dawa ina heshima yake. Hata mimi leo nina chupa moja kwenye buti.

Kwa hiyo ukikuta ni kitobo kidogo kwenye bati la rejeta yenyewe, na hakuna muda wa kuibadilisha, fanya hivi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko. Tikisa chupa sana. Pima kwa lita za gari lako, usizidishe hata kijiko. Mimina kwenye rejeta moja kwa moja, usitie kwenye kile chombo cha akiba, maana kamrija kake kataziba kabla ya kitu kingine. Washa injini, fungulia hita mpaka mwisho, iache iungurume kama dakika ishirini. Halafu usisafiri siku hiyo. Zunguka nalo Morogoro siku mbili, laza boksi tena. Na harusi ikiisha, yamwagwe maji yote, mfumo usafishwe, rejeta ichomelewe au inunuliwe nyingine. Ufa kwenye tangi la plastiki usiuhangaikie na dawa, unafunguka na kufunga kila joto likipanda na kushuka, hautashika.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kuvuja hakupotezi maji tu, kunapoteza presha. Ule mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9 au 1.1, ndicho kipimo cha presha unayoishikilia, na hiyo presha ndiyo inayofanya maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Huku kwetu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Sufuria jikoni kwangu inachemka kwenye nyuzi 95. Injini yako inafanya kazi kwenye 90. Presha ikitoroka, ukipanda Kitonga na watu saba ndani, umebakiwa na nyuzi tano tu. Kwa hiyo mfuniko nao, kama mpira wake umekakamaa, nunua mpya. Bei yake haifiki hata ya hiyo dawa.

Nitumie picha ya boksi kesho asubuhi kabla hujaongea na fundi. Kama ni pampu, mwambie abadilishe pampu. Pesa ikipungua niambie, nitapunguza kwenye mapambo, bi harusi ataelewa.

Siku ya safari ondokeni alfajiri mpite Mikumi kukiwa na ubaridi. Ruaha Mbuyuni simameni, zima gari, mle, lipoe nusu saa, usifungue mfuniko. Ninunulie na vitunguu, mfuko mmoja wa kati. Kitonga panda gia nzito, zima kiyoyozi, usigombane na malori. Mshale ukianza kupanda, fungulia hita yote hata kama watoto watalia, itakusaidia kutoa joto. Mshale ukivuka mstari mwekundu, egesha, zima, weka mawe kwenye matairi, nipigie. Nitakuwa Ilula kuanzia saa sita na galoni mbili za maji.

Ni mimi, Somo yako