Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Ufadhili wa Masomo na Vyeti vya Mabinti Zetu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: UFADHILI WA AKINA MAMA WAFANYABIASHARA

Tunafunga muhula salama, na ripoti ya maendeleo ya binti yako imeambatanishwa na barua hii.

Umoja wa akina mama wafanyabiashara wa mji wetu, ambao wengi wenu mnanunua vitenge na unga kwao, umekubali kuendelea kuwafadhili wasichana watakaomaliza kidato cha nne na cha sita. Ni kweli kwamba Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, ikaongeza kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa fedha 2022/2023. Hata hivyo godoro, nauli na sare bado vinatoka mfukoni mwa mzazi, na anayechaguliwa kujiunga na chuo cha kati mara nyingi hukuta ada inamsubiri. Fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hurejeshwa. Hii ya akina mama hairejeshwi.

Mwaka jana wasichana watatu wenye alama za kutosha waliukosa ufadhili huu kwa sababu ya majina tu. Cheti cha kuzaliwa kilisomeka jina la babu, usajili wa mtihani ukasomeka jina la ukoo, na kamati haikuweza kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja. Lawama nyingine ni yetu shuleni, kwani tuliwasajili bila kudai kuviona vyeti.

Kwa hiyo naomba likizo hii itumike kulimaliza suala hilo. Asiye na cheti aende ofisi ya RITA (wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo) ya wilaya yake akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha kumaliza darasa la saba, au chochote alichonacho. Mwenye cheti alinganishe majina herufi kwa herufi na yale yaliyo kwenye ripoti, maana hata "Mwanaidi" na "Mwanahidi" ni watu wawili mbele ya kamati.

Binti aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, kama ilivyoruhusiwa tangu Novemba 2021, naye ana haki ya kuomba. Akina mama wenyewe walilisisitiza hilo kabla sijawauliza.

Nakala ya cheti iletwe siku ya kufungua shule pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Atakayekwama anione ofisini mapema.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule