Barua kwa mwanangu: zile merikebu za ukutani

Mwanangu mpenzi,

Tulipotoka Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa ambayo sasa ni museum, jumapili uliniuliza ndani ya tuktuk, mama kwani kuchora ukutani si vibaya, mbona hawa wamechora na wamewekewa kioo? Kabla sijajibu ndugu yako akaanza kulilia madafu na mambo yakaishia hapo. Sasa wamelala wote, nataka nikujibu vizuri, na hii barua uiweke uje uisome tena ukiwa mkubwa.

Wale waliochora ni Wareno, mabaharia ama askari waliokua wakikaa mle ngomeni miaka ya 1600 huko, wakachora kwa mkaa na udongo mwekundu, basi, hakuna kingine. Wakachora kile walichokua wakikijua, merikebu na milingoti yake na kamba zake, na watu, na majumba. Baadae ile plasta ikabanduliwa kutoka ukutani ikaletwa ndani isiharibike. Majina yao hayajulikani. Yule aliyechora ramani ya ngome yenyewe twamjua, Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na ujenzi ulianza 1593 ukaisha 1596, hayo yameandikwa kila mahali. Waliobeba mawe ya matumbawe mpaka kuta zikawa refu vile hatuyasikii majina yao, na hawa wachoraji pia hatuyasikii, lakini wewe hukusimama kwa Cairati mwanangu, ulisimama kwa hawa. Nilikuona. Watu wanapita, wanapiga picha na simu, wanaenda zao, wewe umeganda pale unahesabu kamba za tanga kwa kidole hewani, na baba yako alipotaka kukuita nikamshika mkono nikamwambia muache.

Sikutaka tukimbizane na vyumba vyote. Kuna wazazi wanawaburura watoto kutoka kabati hadi kabati, soma hiki, soma kile, mtoto akitoka pale anachokumbuka ni kiu na miguu kuuma tu. Kwangu mimi ukiona kitu kimoja ukakiona kweli, tiketi imelipa. Ndugu yako alikua na mizinga yake, kapanda kashuka, kauliza risasi zake zilikua kubwa kama nini, na yeye pia ameona. Na nyanyako alikua na mlango wa nakshi, ulimsikia akikueleza mfaa, ule mti wa katikati mabawa mawili yanapokutana, akakwambia fundi akikosea pale hana pa kuficha. Yeye amekulia Mji wa Kale, milango ile ameipita tangu mtoto kama vile wewe unavyopita duka la mabuyu, lakini siku ile aliiangalia kama mgeni, nikafurahi sana.

Na alikuambia pia ile ngome ilikua jela, ukafikiri anakutania. Ni kweli. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, watu wa hapa walifungwa mle, ndo maana wazee wengine mpaka leo hawana hamu ya kuingia. Mimi nataka wewe uingie, uzoee, uingie kama mtu anaeingia kwao, sababu museum si ya watalii peke yao na hakuna atakayekuuliza unafanya nini pale.

Haya, jibu lako sasa. Kuchora ukuta wa mtu bila ruhusa ni vibaya, ukuta wa shule usiuguse. Na pale ngomeni ndo kabisa usijaribu. Ulimuona yule aliyekwaruza jina lake na msumari karibu na ngazi? Jiwe la matumbawe likishakwaruzwa halirudi, na yeye hakutuachia kitu cha kuangalia, ametuachia jina tu. Wale wa mkaa walikua wanaishi mle, wako mbali na kwao, wakatazama chombo mpaka wakajua kila kamba inafungwa wapi, alafu wakachora. Hiyo ndo tofauti ninayoiona mimi, kwanza utazame. Wewe kutazama unajua tayari, hilo sikufundishi. Baba yako amekubali ule ukuta wa nyuma kando ya tangi tuupake chokaa uwe wako, mkaa upo jikoni, chora unachotaka, ukijaa tunapaka tena.

Tukirudi, tutaanza na vile vitu vya merikebu ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná, tulivipita haraka sababu ya kilio cha ndugu yako. Ile ilizama hapohapo mbele ya ngome mwaka wa 1697, Waomani wameizingira ngome tangu 1696 na Wareno wamesubiri msaada mpaka wamechoka, na mwaka wa 1698 ngome ikachukuliwa. Wapiga mbizi walikuja kuitoa mizigo yake miaka ya sabini mwishoni, kuna mitungi, kuna sahani za Kichina. Twende asubuhi kabla jua halijawa kali, ubebe daftari na penseli, ndugu yako ataenda na baba kwa mizinga, mimi na wewe tutakaa mbele ya hiyo mitungi mpaka useme twende.

Mama yako