Ndege wa kaskazini wamefika Msimbati

Shoga angu Zaina,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ati huko Hamburg majani yanapukutika, baridi imeanza, na ile bustani ya kando ya mto imebaki kimya ndege wameondoka. Sasa sikia, huku ndo wanaingia! Si lazima wawe haohao wa kwenu, ila Jumamosi tulienda kuwaangalia, tulikuwa watu tisa na darubini moja ya kupokezana, alfajiri tukapanda haisi mpaka Msimbati halafu mashua hadi maingilio ya Ruvuma, Msumbiji ile pale ng'ambo, maji yanakupwa na matope yameanza kutokeza, ndo saa yao ya kula.

Vitwitwi, vile vindege vya ufukweni, walikuwa wengi huwezi kuhesabu. Kuna aina moja wanazaliwa Siberia kabisa kwenye baridi lile halafu wanakuja kula kwenye matope yetu, hebu fikiria safari hiyo na mwili wenyewe unaenea kiganjani. Nahodha akatuonyesha ndege anaitwa sululu, mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia kweli, anauchomeka wote kwenye shimo la kaa.

Ila walioniteka ni wale weupe wenye mgongo mweusi na domo nene, walaji wa kaa. Hawa hawatoki Ulaya, wanazalia pwani za Uarabuni, wanachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Moja! Na mtoto anakuja na mzazi mpaka huku bado analishwa, nilimwona kwa macho yangu, wa kijivujivu, mwili karibu sawa na mkubwa wake, anamfuata nyuma analialia mpaka akapewa kaa. Darubini sikuiachia, wenzangu wakaanza kulalamika. Nikakukumbuka wewe na vile mama anavyohangaika kukutumia korosho.

Kilichoniuma ni mikoko, kuna sehemu imebaki visiki tu, na sululu maji yakijaa hupumzika humo juu, na kaa wanaoliwa wamo humohumo chini. Hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000 na bado watu wanakata! Nilimwambia nahodha, akanyamaza kidogo akasema hata samaki wadogo wanakulia hapo.

Ukija Desemba utawakuta, wanakaa mpaka karibu na masika. Niambie mapema nimshike nahodha, na tutafute darubini ya pili. Mabibo yameanza kuiva, mama anauliza bahasha ya korosho imefika?

Wako,
Somoe